Nyumba Nambari Ishirini na Saba

"Ishirini na saba," Madam Rispah akasoma, na Gathogo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kilikuwa kijikaratasi cha nne na cha mwisho kutoka ndani ya sufuria. Sufuria yenyewe aliileta Gathogo. Vijikaratasi arobaini, kimoja kwa kila nyumba iliyohojiwa, alivikata Gathogo. Hata wazo la kupiga kura lilikuwa lake, naye alilitetea kifua mbele katika ofisi yao ya utafiti hapo Kitale, kama mtu aliyesomea takwimu miaka minne na asiyetaka mtu yeyote asahau.

Madam, msimamizi wao, alikuwa amependekeza kitu rahisi tu. "Si nichague zile nyumba za karibu na lami? Nizipitie, nione kama mlihoji watu kweli, tumalize."

"Hiyo si sampuli nasibu, Madam," Gathogo alimkatiza, kisha akawashushia somo. Daktari hatoi damu yote, huchukua tone. Mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia, hudunga machache kwa chuma chake na kujua kama mzigo umekauka. Mpima udongo naye huchota pembe hii na ile ya shamba. "Lakini hakuna anayejichagulia! Kila nyumba iwe na nafasi sawa ya kuangukiwa."

Wenzake walipiga miayo. Madam aliviangalia viatu vyake, ambavyo havikuwahi kuguswa na tope hata msimu wa mvua, akakubali shingo upande.

Sasa nafasi sawa ilikuwa imemwangukia mwalimu mwenyewe. Kati ya nyumba kumi alizopewa kule Bungoma, tisa alizifikia kwa miguu na kuwahoji wenyewe kwa uaminifu. Hii ya kumi, nambari ishirini na saba, ilikuwa paa tu kwenye ramani ya simu, ng'ambo ya kijito, na mvua ilikuwa inanyesha. Gathogo aliketi hotelini mjini, akaagiza chai na mandazi, akaipika fomu. Alimzua mjane, Mama Phanice, miaka sitini na mmoja, ng'ombe wawili, hana stima. Alimpenda mpaka akamwongezea kisima. Kisha akapiga hesabu: Madam angekagua nyumba nne kati ya arobaini, kwa hiyo uwezekano wa kushikwa ni mmoja kwa kumi. Usiku huo alilala usingizi mnono.

Sheria ilijulikana. Ukipatikana umepika hata fomu moja, kazi imeisha siku hiyo. Na baba yake, Mzee Ngige, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba kijana wake anaajiriwa kwa kudumu mwezi ujao.

"Nitaenda kesho," Madam akasema.

Gathogo alimtangulia. Kufikia saa tatu asubuhi alikuwa ameshushwa kando ya barabara ya Lwakhakha na mwenye bodaboda, aliyeitazama ile njia akasema, "Hapo bana, hata ng'ombe inateleza." Mpango wa msomi wetu ulikuwa huu: amwone mwenye nyumba, yeyote yule, ampigie magoti akubali kuwa Mama Phanice kwa siku moja.

Akavuka kijito, akaanguka mara mbili, akafika.

Paa lilikuwapo kweli. Lilikuwa la banda la kukaushia tumbaku, lililoachwa miaka mingi. Mlango haukuwapo, na ndani magugu yalifika kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo alimpigia kelele, "Hapo hakujawahi kukaa mtu! Unatafuta nani?"

Aliketi juu ya jiwe, tope magotini, akajicheka kwa uchungu. Digrii nzima, na imeshindwa kutofautisha nyumba na banda! Alijionea aibu kuliko alivyowahi kujionea maishani. Hapo ndipo alipoamua kufanya jambo moja la heshima: angemngoja Madam papo hapo, amweleze ukweli uso kwa uso, kazi iende kama ni ya kwenda. Aliyarudia maneno yake ya kuungama mpaka yakamkaa kichwani.

Saa sita ikapita, saa nane pia. Kutoka pale alipoketi aliiona njia yote hadi barabarani, na hata mbwa hakupita.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa Madam.

"Madam, kuna kitu lazima nikuambie," akaanza.

"Ngoja kwanza, Gathogo. Niko hapa nambari ishirini na saba, tumekaa na Mama Phanice mwenyewe. Mama mkarimu sana! Majibu yake ni yale yale uliandika. Ati anakusalimia."

Gathogo akalitazama banda, akaitazama njia tupu.

"Msalimie sana, Madam," akasema.