Mchoro wa Kwanza wa Nungunungu

Ngiri hakulala raha tangu Tembo alipotaka kujenga kiwanda cha kukamua alizeti, akampa Nungunungu kazi ya kukichora. "Mimi nachimba tangu utotoni," alinung'unika, "leo anayeitwa fundi ni huyu wa kukwaruza magome kwa mwiba!"

Mwezi mzima Nungunungu alizunguka kiwanja, akipima na kuchora kwenye gome, bila kuinua hata jiwe moja. Kila Tembo alipomsalimu, "Hujambo, fundi?" Ngiri alihisi amemeza kaa la moto.

Siku moja Nungunungu alipokwenda kunywa maji, Ngiri aliliiba lile gome. Akaona mstari mnene umekatiza kiwanja. "Msingi wenyewe ndio huu!" Akachimba kutwa nzima, kisha akamwita Tembo.

"Shikamoo, mzee. Mwenzangu anachora, mimi nimeshaanza kujenga."

Kabla Tembo hajajibu, mvua kubwa ikashuka. Maji ya mlimani yakaingia kwenye ule msingi, yakakimbilia mtoni, na kiwanjani kote halikutuama hata tone.

Nungunungu akaja mbio, amejaa furaha. "Ndugu yangu, nani kakuelekeza? Mchoro wa kwanza huwa sichori kiwanda, natafuta kwanza maji yatapita wapi. Mfereji huu ningekuja kukuomba uuchimbe mwezi ujao!"

Tembo akacheka. "Kwa kuchimba, Ngiri, huna mpinzani."

Wote wawili wakampigia makofi. Ngiri akainamisha kichwa. Ametukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna tusi lililowahi kumchoma kama sifa ile.