Kamongo Amepauka

Edina alikuwa akibadilisha maji ya beseni, kazi yake ya kila asubuhi, mara mkono ukasita. Matamvua ya kamongo, yale manyoya mekundu yaliyokuwa yakipepea nje ya shingo yake, yalikuwa yamenywea. Ngozi nayo ilikuwa imegeuka kijivu.

"Usife, jamani," alinong'ona.

Mumewe, Leodgar, alimleta samaki huyo akiwa mdogo kama kidole, kisha akarudi Karema kuvua. Alichoomba ni kimoja tu: nimkute hai.

Baba mkwe wake, Mzee Kassiani, alikuwa ameketi upenuni akitazama ukutani, maana kwao mkwe hamkodolei macho mkamwana, wala hamwongeleshi. Ila kwa kamongo alikuwa na maneno tele. Edina alidhani ni upweke.

"We, mbona umepauka hivi?" mzee alisema kuelekea kwenye beseni. "Na huo udongo unaokula, nani kakwambia ni chakula?"

Edina akalisugua beseni mpaka likatakata, akautoa udongo wote.

Kesho yake mzee akaanza tena. "Unahema kama uliyekimbizwa. Pumzika basi!"

Ni kweli, kamongo alikuwa akipanda juu kila mara, anafungua mdomo, anameza hewa. Edina akaenda kisimani kumchotea maji mapya, ndoo tatu, akiitua kila ndoo mara mbili njiani.

Siku ya nne alimtia kamongo kwenye ndoo ndogo, akatembea kutoka Kawajense mpaka kwa afisa uvuvi. Afisa, mama mcheshi aitwaye Agatha, alimvutia kiti kabla hata hajachungulia ndoo.

"Kaa kwanza, mdogo wangu, jasho lote hilo! Mbona huyu mzima? Kamongo akikua, matamvua ya nje yananywea, na rangi inabadilika. Halafu ana mapafu, lazima apande kuhema. Shida yake labda akutane na sufuria!" Akacheka mwenyewe.

Edina alirudi polepole, moyo mwepesi, miguu mizito. Alipomrudisha kamongo kwenye beseni, mzee alikuwa palepale, sauti inamtetemeka.

"Utakufa hivi hivi nakuangalia. Leodgar nitamwambia nini?"

Edina akachuchumaa kando ya beseni. Miaka miwili ndani ya nyumba ile hakuwahi kumjibu mzee. Lakini angeachaje mtu mzima ateseke bure?

"Baba, samaki haumwi," alisema, macho chini. "Afisa kaniambia."

Kisha Mzee Kassiani akageuza kiti chake, akamtazama usoni waziwazi kwa mara ya kwanza.

"Kamongo nimewavua miaka arobaini, mzima namjua," alisema. "Edina, mwanangu, siku zote hizi nasema na wewe. Twende hospitali."