Sahani ya Ukutani

Kila mtoto hupewa kadi ya hulka, inayosomwa katika damu yake kabla kitovu hakijakauka. Kadi ya Nasra ilisema: mkali. Kwa hiyo, kama sheria ilivyotaka, kaka zake wawili walikula sinia moja na mama yao, naye Nasra alikula peke yake, amegeukia ukuta, kwa kijiko cha plastiki.

Alipotimiza miaka kumi na miwili, afisa wa kadi alibisha hodi saa ya chakula cha mchana.

"Mama Nasra, tuwie radhi. Kadi zilibadilishwa wodini kwa bahati mbaya. Mwanao ni mpole."

"Mpole?" mmoja wa kaka zake, Shaha, aliangua kicheko. "Huyu aliyening'ata juzi? Kapimeni tena, mzee!"

"Damu haikosei, kijana. Tuliokosea ni sisi."

Mama hakucheka. Alikumbuka alivyokuwa akiwaambia majirani, miaka yote hiyo, wasimsogelee mtoto. Afisa alipoondoka, alipigapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo, mwanangu. Njoo ule na wenzako."

Nasra aliweka kijiko chake chini. Kisha akanawa, akaja, akakaa, akanyoosha mkono kwenye wali. Papo hapo kaka zake wakaondoa mikono yao.

"Mnaona?" alisema taratibu, bila hasira yoyote. Akainuka, akarudi kwenye sahani yake.

Mama alifungua kinywa awakaripie wanawe. Ndipo alipouona mkono wake mwenyewe: nao ulikuwa umerudi mapajani.