Chumba cha Majilio

Fundi cherehani alikuwa juu ya stuli, brashi mkononi, chokaa hadi kwenye nyusi. Tangu aolewe, chumba kile cha nyuma kilikuwa stoo ya vitambaa vyake. Sasa kilikuwa kitupu, na kuta zilikuwa zikigeuka nyeupe.

Padre ndiye aliyeanza. Jumapili ya kwanza ya Majilio aliwaambia waumini kila nyumba iondoe vitu vyake mahali fulani, hata pembe ya meza, paachwe wazi hadi mkesha wa Noeli, ili moyo nao ujifunze kumpisha Bwana. Wengine walitoa pembe ya meza. Mumewe fundi alitaka chumba kizima.

Na mume mwenyewe alikuwa amebadilika, jamani! Mtu aliyekuwa akienda kanisani kwa kusukumwa kama mkokoteni, sasa alikuwa ameacha pombe, anarudi nyumbani jua halijazama. Hata kuungama alikwenda, akatoka macho mekundu. Fundi hakumuuliza kitu. Hayo ni ya mtu na Mungu wake.

Kila jioni waliwasha mshumaa, wakapiga magoti.

"Bwana, mlete mtoto katika nyumba hii," aliomba fundi. Ndilo ombi lake tangu harusi.

"Amina!" aliitikia mumewe, kwa nguvu hata mshumaa ukayumba.

Jumapili ya tatu mume akasema, "Mke wangu, mshonee na shati. La mtoto wa miaka mitatu hivi."

Fundi akacheka. "Tangu lini mtoto akazaliwa na miaka mitatu?"

"Watoto hukua. Wewe shona tu."

Alishona. Imani, alijiambia, ni kushona bila kupima. Alitoa kitambaa cheupe alichokuwa amekihifadhi miaka yote kwa ubatizo wa mwanawe, akalishona shati kwa mkono mwepesi, akalitundika msumarini katika chumba kitupu. Kisha akalia kidogo, kwa furaha.

Wifi yake alikuja kuchukua gauni. Akachungulia chumbani, akaliona shati, akaingia akalishika pindo.

"Pole, wifi yangu," alisema mwishowe, akaondoka bila hata kulijaribu gauni. Fundi alidhani anampa pole ya kazi.

Mchana wa mkesha, mume alioga, akanyoa ndevu, akawa hakai wala hasimami. Fundi alifagia chumba mara ya mwisho. Alijipekua moyoni, asione kinyongo hata kimoja. Majirani waliomwita mgumba alikuwa amewasamehe wote. Maisha yake yote hajawahi kuwa tayari namna ile.

Hodi ikapigwa.

"Karibu!" aliitikia fundi, akamtangulia mumewe mlangoni.

Aliingia mtoto wa kiume mwenye masikio makubwa, yaliyochomoza, ya mumewe hasa. Nyuma yake akaingia mwanamke kijana, godoro kichwani.

"Shikamoo, dada," alisema. "Chumba ni kipi?"

Mume alikuwa ameshakwenda kulitungua shati. Alimvika mtoto. Likamkaa sawasawa, hata mikono haikuhitaji kukunjwa.