Mwendo wa Mama Shungi

Alikuwepo kuku aliyeitwa Mama Shungi, mguu wake mmoja mbovu, akitembea kwa kuchechemea. Vifaranga wake sita walikuwa wazima kabisa, lakini nao walichechemea.

"Ona unachowafundisha watoto!" Jogoo akamcheka mbele ya kuku wote.

"Sijawafundisha kitu, bwana," akajibu Mama Shungi. "Wananitazama tu."

Siku moja akatokea kicheche mwenye njaa. Jogoo akarukia paani, na kuku wote waliomwona akiruka wakatawanyika vichakani. Mama Shungi hakuweza kukimbia. Akatutumua manyoya, akatanua mbawa, akamwendea kicheche huku akipiga kelele. Vifaranga wakamtazama mama yao. Kisha wote sita wakatutumua vimanyoya vyao, wakatanua vijibawa, wakamwendea kicheche kwa kelele, huku wakichechemea.

Kicheche hakuwa amewahi kufukuzwa na chakula chake. Akatimua mbio, na mpaka leo hajarudi.

Kesho yake asubuhi Jogoo alishuka paani, akatazama kulia na kushoto, akapita katikati ya uwanja kifua mbele, akichechemea.