Mlinzi wa Daraja

Mezani pao palikuwa na sharti moja: aliyeshika dadu hahimizwi. Ndiyo maana Tunu, asiyefungua kinywa darasani wala kupenda kuguswa, hakukosa hata Ijumaa moja kwenye mchezo huu wa wanachuo wa kujitungia safari, ambamo kila mmoja ana mhusika wake na dadu huamua yatakayompata; wa Tunu alikuwa mlinzi.

"Daraja linakatika," alisimulia Shomari, kiongozi wa mchezo. "Wenzako wote wamevuka. Mlinzi wako anafanya nini?"

Tunu aliizungusha dadu kiganjani mpaka ikapata joto. Siku zote mlinzi wake hubaki nyuma peke yake.

"Anaomba ashikwe mkono," alisema, akairusha.

Dadu ikadunda, ikaangukia uvunguni mwa meza. Hakuna aliyeinama kuitafuta. Zubeda, aliyeketi kando yake, aliulaza mkono mezani, kiganja juu.

Tunu hakuwa na dadu tena, lakini hakuna aliyemhimiza.