Sauti Inayomtoa Bibi Nje

"Kama ni dawa ya kunguni, tulishanunua. Kama ni wokovu, tunao," alisema Bibi Atupele kabla mgeni hajafungua mdomo.

Kijana aliyesimama uani, amelowa mpaka magotini na amebeba sanduku mgongoni, alicheka.

"Shikamoo, Bibi. Naitwa Hasheem, natoka Tukuyu mjini. Natafuta santuri."

"Marahaba. Za kufunikia mitungi?"

"Za kusikiliza."

Hapo ndipo Bibi alipomtazama vizuri. "Ndaga, asante kwa kufika, pita ndani. Mzee Obed wangu yuko zizini, anakamua."

Miezi sita Hasheem alikuwa amezunguka Rungwe akitafuta santuri kwa ajili ya kipindi cha nyimbo za zamani cha redio ya mjini. Kiwira alikuta moja imefunika mtungi kweli, nyingine imetundikwa kwenye mahindi kutishia ndege. Kinyala alipewa nzima kabisa, ila mtu alikuwa ameichora nyota kwa msumari. Kipindi cha mwisho kilikuwa jioni hiyo, na hakuwa na hata wimbo mmoja wa kwao unaosikika. Asubuhi, muuza ndizi mmoja sokoni alimwambia ajaribu Kawetele, nyumba ya bati jekundu.

"Ninayo moja," alisema Bibi. "Nitakupa uipige. Lakini niahidi kitu. Jina la anayeimba usiniulize."

"Naahidi," alijibu Hasheem haraka. Jina huandikwa kwenye karatasi ya katikati. Nani angehitaji kuuliza?

Bibi alitoa santuri kutoka kwenye kasha, imeviringishwa kwa kanga mbili. Nyeusi, inang'aa, haina mkwaruzo. Karatasi ya katikati mende walikuwa wameila yote.

Hasheem aliigeuza, upande wa pili nao ulikuwa hivyo hivyo. Amna, mtangazaji, alikuwa amemwonya mara nyingi: wimbo usio na jina la mwimbaji haurushwi. Waliwahi kurusha mmoja, koo tatu zikaja kuugombania.

Alifungua sanduku, akawasha mashine yake ya betri, akaandaa simu ya kurekodia, akashusha sindano. Kabla sauti haijatoka, Bibi alikuwa ameshika kigoda anaelekea mlango wa nyuma.

"Bibi, mbona unatoka? Ndiyo inaanza."

"Huyo akiimba, mimi sikai ndani. Tangu nilipoolewa."

Gitaa likaanza, kisha sauti ya mwanamume, nzito na ya upole, ikiimba Kinyakyusa. Hasheem alisahau soksi zake zilizolowa. Kupitia mlangoni alimwona Bibi ameketi chini ya paa la jikoni, matone yakimpiga mabegani. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi, macho chini, mguu mmoja ukifuata mdundo.

Ahaa, aliwaza Hasheem.

Wimbo ulipokwisha aliutuma kwa Amna. Bibi akarudi, akakung'uta kanga.

"Jina sikuulizi, Bibi. Ila huyu mtu, mlikuwa karibu?"

"Alinipenda sana. Ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa alinipa yeye."

"Na wewe?"

"Nilimheshimu. Nikimwona njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Hatukuwahi kutazamana usoni hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Mbona macho yamekutoka? Ninyi wa siku hizi mnatazamana mpaka kwenye simu." Akachukua tena kigoda. "Haya, irudie."

Hasheem aliirudia. Wimbo ulikuwa haujafika katikati pale mtu alipokohoa upande wa zizini. Hasheem aliruka, akapunguza sauti, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi," alinong'ona, "Mzee yuko hapo tu."

"Najua yuko hapo. Ongeza, mjukuu wangu, na yeye asikie."

Aliongeza. Alimhurumia Mzee Obed, anakamua ng'ombe huku mkewe anasikiliza mwanamume mwingine kwenye manyunyu. Alijiambia kwamba mambo mengine hayamhusu mgeni, hasa mgeni anayetaka kutoka Kawetele salama.

Simu ikalia. Alikuwa Amna.

"Hasheem, wimbo umefika. Hapa studio watu wote wanataka kuusikia tena. Nipe jina."

"Sina."

"Mwenye santuri hajui?"

"Anajua."

"Basi muulize. Tunaanza baada ya dakika kumi."

Bibi alikuwa bado nje, kanga imelowa sasa, mguu ukipiga taratibu. Hatua nne tu, swali la maneno matatu. Hasheem alifikiria miezi sita, mitungi yote aliyoifunua, mashamba yote aliyokanyaga matope.

"Nilimwahidi kwamba sitamuuliza."

"Unatania."

"Sitanii, dada."

Amna alishusha pumzi. "Haya. Naweka kwaya." Akakata.

Santuri ilipokwisha Bibi aliingia, akamkuta amekaa mbele ya sanduku kama mtu aliyefiwa.

"Umepatwa na nini?"

Alimweleza: redio, jina, kwaya. Hakulalamika. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Na mume wangu, uliahidi kwamba hutamuuliza?"

Hasheem aliinamisha kichwa. "Bibi, ningewezaje kumuuliza Mzee jambo la aibu namna hiyo?"

"Aibu gani? Mimi ndiye nisiyeruhusiwa na mila kulitaja jina hilo. Yeye yuko hapo zizini, na huyo anayeimba ni baba yake, mkwe wangu."